Nauza fleti ya chumba kimoja na sebule Kariakoo, jengo la ushirika. Soma yote kabla ya kuuliza bei

Mama wa Gerezani

Habari za kutwa, ndugu zangu. Nauza fleti yangu: chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko, choo na bafu ndani. Iko Kariakoo upande wa Mnazi Mmoja, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Bei ni milioni 110, na nikimwona mnunuzi wa kweli tutazungumza. Nauza mwenyewe, sina dalali. Ukiliona tangazo hili kwingine kwa bei ya juu zaidi, ujue kuna mtu anatafuta cha juu.

Sebule inatazama barabarani, chumba cha kulala kinatazama ua wa ndani, na hilo ndilo lililonifanya nikae pale miaka yote hii. Jiko ni dogo, watu wawili hawapishani, ila lina dirisha na kibaraza cha kuanikia. Sakafu ni terazo ya zamani, haijapasuka. Madirisha ya mbao niliyatoa nikaweka ya aluminiamu, grili zipo. Mita ya LUKU ni ya kwangu peke yangu. Maji ya DAWASA yanaingia tenki la chini, pampu inayapandisha juu, kwa hiyo umeme ukikatika siku nzima mnateremka na ndoo.

Sasa jambo kubwa. Jengo ni la ushirika wa nyumba. Hati ya kiwanja ni moja na imeandikwa jina la ushirika. Ukinunua kwangu unanunua hisa zangu pamoja na haki ya kukaa kwenye ile fleti. Mimi natoka kwenye daftari la wanachama, wewe unaingia. Hata ukinimwagia fedha zote mezani leo, huwi mwenyeji mpaka kamati ikuone na ikukubali. Wapo waliokuja na fedha kamili, nilipowaeleza hivyo wakaondoka wamekasirika. Sitaki kumkasirisha mtu mwingine, ndiyo maana nalisema mapema.

Mchango wa jengo ni shilingi 60,000 kwa mwezi: mlinzi, taka, pampu, usafi wa ngazi, na sehemu inakwenda kwenye akiba ya matengenezo. Fleti ni ya kuishi. Hairuhusiwi kuigeuza stoo ya vitenge wala mabegi. Mitaa ya jirani kuna majengo ambayo ghorofa ya kwanza hadi ya nne zimejaa marobota, mtu anayelala hapo ni mlinzi tu. Letu halijafika huko na wanachama tumekataa lifike.

Ninahama kwa sababu magoti yamekataa ngazi. Nakwenda kwa binti yangu Kibaha.

Kijana wa Segerea

Shikamoo mama. Mimi na mke wangu tumepanga Tabata Segerea, wote tunafanya kazi mjini, na asubuhi yetu inaishia barabarani. Tangazo lako limetugusa. Naomba kuuliza mawili. Kelele zikoje usiku? Na la pili, samahani kama nauliza vibaya: kwa nini nitoe milioni 110 kwenye kitu ambacho hati haitakuwa na jina langu, wakati kwa fedha hiyo napata kiwanja Kigamboni na kuanza msingi?

Mama wa Gerezani

Marahaba mwanangu. Hujauliza vibaya. Kelele nawaachia majirani waseme, mimi nimeshazoea. La hati naomba wanaojua sheria walieleze, nisije nikaonekana natetea biashara yangu.

Binti Mchikichini

Nimezaliwa Kariakoo na bado nipo, ngoja nikueleze kwa wiki ilivyo. Mchana hakuna utulivu, usitegemee. Maspika ya maduka, mikokoteni, watu wa mikoani na nchi jirani wanaofunga mzigo. Jioni maduka yanafungwa na mtaa unakuwa wetu: mabenchi ya kahawa na kashata yanatoka, mishkaki, mihogo, wazee wa bao. Baada ya hapo ndipo malori ya mizigo yanaingia kushusha, na hiyo ndiyo kelele ya kweli, kwa sababu wapagazi wanashusha wakiimba. Kwa hiyo chumba kutazama ua ni jambo kubwa kuliko anavyolisema mama. Alfajiri adhana inatoka misikiti kadhaa kwa pamoja. Jumapili asubuhi unaweza kutembea katikati ya barabara.

Wiki za kuelekea Idi, Desemba yote, na Januari shule zikifunguliwa, usipange kurudi nyumbani na gari. Siku ya Simba na Yanga ndiyo usiseme, maana wenye klabu wote wawili ni majirani zako: Simba wako Msimbazi, Yanga wako Jangwani.

Lakini nikwambie unachokipata. Mwendokasi kituo cha Msimbazi unakwenda kwa mguu, na Gerezani pia. Stesheni ya treni ya umeme ya kwenda Morogoro na Dodoma haiko mbali, kivuko cha Kigamboni hivyo hivyo, na hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu. Mama yangu alipougua usiku, tulifika Muhimbili kabla ndugu zetu wa Mbezi hawajapata hata bajaji. Na mtu akianguka kwenye ngazi, mlango wa kwanza kufunguka ni wa jirani. Uliza wanaokaa kwenye nyumba za geti kama wanalo hilo.

Wakili wa Mtaani

Nalijibu swali la hati, kwa sababu ndiko watu wanakolia.

Kwanza tuwekane sawa: kwa sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini. Mimi na wewe tunapewa haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo swali la mwanzo kwenye jengo lolote la mjini, la ushirika au lisilo la ushirika, ni hili: hati ina miaka mingapi iliyobaki? Wengi wanakagua vigae na kusahau kukagua miaka.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye fleti. Tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo. Kwa sheria hiyo jengo linapimwa na kugawanywa, kila fleti inapata hati yake, na ngazi, paa, ua na matenki yanabaki ya wote kupitia chama cha wamiliki. Hiyo ndiyo njia ambayo jina lako linakaa kwenye hati.

Njia ya mama huyu ni nyingine. Ushirika wake unasimamiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mwenye jengo ni ushirika, na wewe ni mwanachama mwenye kura moja sawa na yule mwenye hisa nyingi kuliko zako. Ni haki halali kabisa. Lakini uzima wa haki yako unategemea uzima wa chama. Chama kikikopa kwa dhamana ya jengo kikashindwa kulipa, fleti yako imo humo hata kama wewe hudaiwi senti. Kodi ya pango la ardhi isipolipwa, deni ni la wote.

Inayonitisha ni hali ya tatu, na Kariakoo imejaa. Familia ina kiwanja cha nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, anakuja mtu mwenye mtaji, wanakubaliana ajenge ghorofa kisha wagawane. Jengo likisimama, kila upande unauza fleti zake kwa mkataba ulioandikwa kwa wakili, basi. Hakuna hati ya sehemu, hakuna ushirika, hakuna chama cha wamiliki. Hati inabaki na jina la babu. Babu akifariki, warithi wanafungua mirathi, na wewe uliyenunua fleti ghorofa ya tano unaanza kuonyesha karatasi mahakamani. Nimesimamia kesi za namna hii na sizitamani kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo kijana, ukipima kati ya jengo la ushirika lenye vitabu safi na fleti ya mkataba mtupu, nenda kwenye ushirika. Ukipima kati ya ushirika na hati ya sehemu, hati ya sehemu ina nguvu zaidi, na bei yake ndiyo maana iko juu.

Dalali wa Lumumba

Nathibitisha hilo la bei. Fleti ya ukubwa huu mtaa ule ule, ikiwa na hati yake, mwenyewe hasogei kwenye bei ya mama. Na wenye stoo wangempa zaidi ya anayoitaja, fedha taslimu, bila maswali. Kazi yangu ni kuuza na nimeuza nyingi kwa watu wa stoo, lakini nasema wazi: kila fleti inayokwenda huko, jengo linapoteza mtu mmoja wa kuja kwenye kikao na kuuliza pampu imeharibika kwa nini. Mama anauza chini ya uwezo wake ili abaki na aina fulani ya jirani pale. Anayejua soko atamheshimu kwa hilo.

Fundi Nondo

Mimi sizungumzii karatasi, nazungumzia zege. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa ndani. Machi 2013 lilianguka lingine mtaa wa Indira Gandhi, likiwa kwenye ujenzi. Waliopotea walikuwa na familia. Mtu akikwambia kukagua nguzo ni kujisumbua, usimsikilize.

Shuka chini kwenye fremu za maduka. Uliza kama kuna mwenye fremu aliyebomoa ukuta kupanua duka, au aliyechimba chini kutafuta nafasi ya stoo. Tazama nguzo zote za chini, siyo iliyo karibu na ngazi peke yake. Nyufa ndogo ndogo za plasta zisikutishe. Ufa wa mshazari kwenye kona ya nguzo na boriti, au zege lililobanduka mpaka nondo yenye kutu inaonekana, hapo simama na ulete mhandisi aliyesajiliwa.

Kisha panda juu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tenki la lita 5,000 likijaa ni tani 5 zimekaa juu ya vichwa vyenu. Yako mangapi? Yamekaa juu ya boriti au katikati ya slabu? Na kama unaweza, nenda siku ya mvua, masika ya Machi hadi Mei hayafichi kitu. Paa linalovuja leo kwa mtu wa juu kesho ni la wote, maana maji hayo yanatafuta nondo.

Kuhusu stoo: chumba kinapigiwa hesabu ya kitanda, kabati na watu. Marobota yaliyopangwa mpaka darini ni uzito mwingine kabisa. Sheria yenu ya kukataa stoo inalinda nguzo kabla ya kulinda utulivu. Mama, mshikilie hapo hapo.

Mbongo wa Bronx

Salamu kutoka New York. Huku majengo ya namna hii ni mengi mno na watu wa kawaida wanaishi humo maisha yao yote. Unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo, unapewa mkataba wa kukaa kwenye fleti yako. Kabla ya hapo unapeleka taarifa za benki, kodi zako, barua za watu wanaokujua, kisha bodi ya wakazi inakuita kwenye usaili. Wanaweza kukukataa bila kukueleza sababu, mradi isiwe ubaguzi uliokatazwa na sheria. Kamati kutaka kukuona kwanza ndiyo hali ya kawaida.

Dada yangu aliponunua, mwanasheria wake hakuuliza hata rangi ya jiko. Aliomba hesabu za jengo na mihtasari ya vikao. Alitaka kujua deni la jengo ni kiasi gani, akiba ni kiasi gani, na wangapi hawalipi mchango. Huku mchango wa mwezi unabeba pia kodi ya jengo na rejesho la mkopo wa jengo, kwa hiyo jengo lenye deni kubwa linaweza kukupandishia mchango baada tu ya kuhamia. Kijana, omba mambo hayo hayo.

Kijana wa Segerea

Asanteni sana, nimewasoma wote mara mbili na mke wangu. Swali: tunayo kama nusu ya fedha. Benki itatukopesha iliyobaki kwa fleti ya ushirika?

Wakili wa Mtaani

Kwa ugumu. Mkopo wa nyumba unasimama juu ya hati unayoiweka rehani, na hapa hati siyo yako, ni ya ushirika. Hisa zako pekee benki nyingi haziwatoshi. Mnaweza kupata mkopo wa mshahara kupitia mwajiri, au SACCOS kama ni wanachama, au mama akubali kulipwa kwa awamu kwa mkataba ulioandikwa vizuri na hisa zihame fedha ikikamilika. Msikope kwa mtu wa mtaani kwa ajili ya nyumba.

Nina swali kwa mama pia, naomba radhi kuliuliza hadharani. Hisa ziko kwa jina lako, au la mzee? Kama mwenzi yuko hai, sheria ya ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake kabla nyumba ya ndoa haijauzwa. Kama ametangulia, lazima kuwe na usimamizi wa mirathi.

Mama wa Gerezani

Umeuliza vema, mwanangu. Hisa zilikuwa za marehemu mume wangu. Alipofariki nilifungua mirathi mahakamani, watoto wote walikuja wakasema mbele ya hakimu kwamba fleti iwe yangu, mirathi ikafungwa. Ushirika ukaniandika kwenye daftari kwa jina langu. Hukumu ninayo, barua ya ushirika ninayo. Watoto wanajua nauza, na yule mkubwa atakuwepo siku ya kusaini.

Awamu nakubali, mradi zisivuke mwaka.

Mzee wa Keko

Niongeze kidogo, maana vijana wanashangaa kwa nini jambo hili la kumiliki kipande cha ghorofa linaonekana geni Dar. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majengo mengi ya mjini na Upanga yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo kizazi kizima cha waliokaa ghorofani kilikaa kama wapangaji. Nyumba ya kumiliki ilikuwa kiwanja, msingi, tofali. Ghorofa ilikuwa ya serikali au ya tajiri.

Vyama vya ushirika wa nyumba vilikuwa mlango mwingine kwa mfanyakazi. Wapo waliofanikiwa, wapo waliovunjika kwa ugomvi wa vitabu. Jengo la mama kusimama mpaka leo na vikao vyake si jambo dogo.

Tazameni na Magomeni Kota. Familia 644 ziliondolewa kwenye nyumba za zamani, zikangoja miaka, na Rais Samia akazifungua nyumba mpya Machi 2022. Sasa kila kaya iko ghorofani na inahitaji kujua nani analipia lifti na nani anasafisha ngazi. Mazungumzo kama haya yanawahusu wao pia. Jiji limejaa, viwanja vya karibu vimekwisha, wajukuu zetu watakaa juu. Bora wajifunze kuendesha jengo pamoja.

Kwa kijana wa Segerea: kiwanja cha Kigamboni ni kizuri, sikukatazi. Lakini hesabu msingi, hesabu ukuta, hesabu kisima, hesabu umeme kufika, kisha hesabu saa utakazokaa njiani kabla mtoto hajalala. Fleti hii unahamia ukiwa na godoro.

Kijana wa Segerea

Shikamoo mzee, nimekusikia. Mama, tumeamua tuje kuona. Naomba tukija tuonyeshwe nakala ya hati na miaka iliyobaki, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, cheti cha usajili wa ushirika na masharti yake, taarifa ya mwisho ya ukaguzi wa hesabu, na mihtasari ya mkutano mkuu. Na tujue kama ushirika una mkopo wowote. Nitakuja na mke wangu na fundi wa kutazama nguzo.

Wakili wa Mtaani

Orodha nzuri. Ongeza moja: kama kuna mkopo, waombe kibali cha ukomo wa madeni kutoka kwa Mrajis wa vyama vya ushirika, maana chama cha ushirika hakikopi kinavyotaka. Hata wakikuonyesha nakala ya hati, nenda mwenyewe kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi, ada yake ni ndogo ukilinganisha na milioni 110. Na mpite TRA kabla ya kusaini. Msidanganyane kwamba kwa kuwa ni hisa basi kodi ya faida haihusiki.

Mama wa Gerezani

Mkopo hakuna. Ulikuwepo wa kutengeneza paa, ukalipwa wote, na barua ya benki ya kumaliza deni iko kwenye faili. Ukaguzi wa mwisho ulifanywa na COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, na taarifa ilisomwa kwenye mkutano mkuu, kila mwanachama alipewa nakala. Wapo wanachama wawili wanaochelewesha mchango, sitawaficha, mwenyekiti atawaeleza hali ilivyo.

Fundi, matenki ni manne ya lita 2,000, yamekaa juu ya boriti. Karibu uyatazame na wewe kama una nafasi, chai ipo.

Fundi Nondo

Tani 8 zikijaa zote. Nitakuja mama, Jumamosi niko Ilala. Mwenye fremu za chini naye aambiwe, nataka kuingia mpaka nyuma ya makabati.

Mama wa Gerezani

Wapangaji wa fremu ni wa ushirika, watafungua. Basi Jumamosi. Mwanangu wa Segerea, njooni kabla ya saa tatu asubuhi, baadaye barabara haipitiki. Msije na gari, shukeni Msimbazi. Faili lote liko kwa katibu ghorofa ya kwanza na nimeshamwambia, na wajumbe wawili wa kamati watakuwepo ili muulizane maswali hapo hapo. Mkeo aje pia apande ngazi mara mbili tatu akiwa na mzigo wa sokoni, aone kama anaziweza, maana hizo hazina kikao wala rufaa.